Mtamba na Kitambaa cha Meza ya Bwana

Barua ya kumhamisha mchungaji huwa fupi: unatoka hapa, unakwenda pale, uwe umeripoti tarehe fulani, Mungu akubariki. Haiulizi kabati litapitaje mlangoni wala kuku anayeatamia atasafirije. Yetu ilitutoa milimani Tarime, juu ya Nyamwaga, ikatupeleka Wilaya ya Serengeti, kijiji kinachopakana na Pori la Akiba la Ikorongo. Na ilitukuta tuna ng'ombe.

Alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na hatukumnunua. Mzee mmoja wa kanisa alimleta muda mfupi baada ya arusi yetu, akatangaza mbele ya ibada kwamba nyumba ya mchungaji isiyo na kwato uani ni kambi tu, bado haijawa nyumba. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi ni Mluguru. Ng'ombe nilizoea kukutana naye buchani. Kwetu Uluguru mali ni shamba, na shamba hufuata upande wa mama. Huku Ukuryani mali ina mkia.

Mume wangu akajitolea kunifundisha. Baba yake ni Mkurya wa Tarime hasa, lakini alikuwa mtumishi wa serikali, hivyo mwana amekulia Mwanza kwenye nyumba za kota, ambako mfugo mkubwa kuliko yote ulikuwa paka. "Mambo ya ng'ombe yako kwenye damu, mke wangu," akaniambia huku anaikunja kamba mkononi. Mtamba akaondoka. Mchungaji akamfuata, kwanza kwa miguu, kisha kwa tumbo, mpaka kwenye migomba ya jirani.

Siku ya kumkabidhi, mzee alitusomea nasaba yake bila karatasi. Mama wa mtamba huyu alizaliwa na ng'ombe aliyekuja na mahari ya binti yake wa pili, kutoka kwa wakwe wa upande wa Sirari. Bibi yake aliwahi kuibwa, akarudishwa alfajiri baada ya watu kufuata nyayo usiku kucha. Bibi wa bibi alitolewa kumlipia kijana ada ya shule, na kijana huyo sasa ni mwalimu mstaafu, yule pale amekaa benchi la tatu. Watu walisikiliza kama wasikilizavyo sura ya kwanza ya Mathayo, ila safari hii hakuna aliyesinzia. Mwishoni yakaja masharti: hauzwi, hachinjwi, na ndama wake wa kwanza wa kike atarudi kwenye kanisa hili lililomtoa.

Mwanzoni niliona nasaba ile ni mbwembwe za wazee. Baadaye ndiyo ikanieleza Tarime. Ng'ombe asiye na historia huku anatiliwa shaka. Wizi wa mifugo na ugomvi wa koo umewahi kuisumbua sehemu hii kiasi kwamba Jeshi la Polisi lina kanda maalumu ya Tarime na Rorya, kana kwamba ni mkoa ndani ya mkoa. Ipo pia sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na hereni za masikioni zimekuja. Wazee wao walikwishakuwa na rejista, kichwani, na kurasa zake haziliwi na mchwa.

Tukija kwenye kuliwa: kanisani kwetu, vitambaa vya Meza ya Bwana hufuliwa na mama mchungaji siku ya Jumamosi. Nilikifua kile kikubwa, nikakitia bluu, nikakianika. Kamba ya mtamba, ambayo Mchungaji aliifunga kwa mikono yake na kuisifu, haikuwa imefungwa. Nilipotoka jikoni, nusu ya kitambaa ilishaingia, nusu inaning'inia, na ule msalaba uliotariziwa kwa uzi wa dhahabu ulikuwa mlangoni kabisa, unaaga. Mume wangu akataka kukivuta. Mama mmoja wa kwaya akapiga kelele asivute, atamuumiza mnyama. Basi tukasimama watatu tukimtazama anamalizia, taratibu, bila haraka ya dunia.

Baraza la wazee likaitwa jioni ile ile. Nilikaa chumba cha pili na mlango sikuufunga. Mmoja aliuliza kama kitambaa kile kinahesabika kitakatifu hata baada ya kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Mwingine akataka ijulikane kama ng'ombe aliyekula kitu cha madhabahuni anaruhusiwa kukamuliwa maziwa yakanywewa na watu wasiobatizwa. Shemasi kijana, mwenye hasira za ujana, akapendekeza achinjwe, kitambaa kitolewe. Mzee aliyemtoa mtamba akamtazama kwa muda mrefu. "Mura," akamwambia, "kitambaa ni mali ya kanisa. Mtamba ni sadaka ya kanisa. Mali ya kanisa imeingia ndani ya mali ya kanisa. Hasara iko wapi?" Katibu akaandika kwenye daftari la vifaa: kitambaa kikubwa cheupe, kimoja, kimeliwa. Kesho yake tukashiriki Meza ya Bwana juu ya kitambaa cha arusi yangu, chenye maua ya waridi na majina yetu wawili ndani ya kopa. Hakuna aliyecheka mpaka baraka ya mwisho.

Kwenye sherehe ya kutuaga alichinjwa mbuzi, na mama yangu mzazi alikuwepo, amepanda mabasi kutoka Morogoro kuja kusaidia kufunga mizigo. Kumbuka kwamba watu wa Mara wana kichuri, yale maji machungu ya utumboni ambayo nyama hutiwa, na mtu aliyekulia huku anaweza kukisimulia huku amefumba macho. Mama yangu alikaribishwa jikoni kwa heshima zote. Akaukuta utumbo, akaona kuna kazi, akauosha. Akaupindua, akausugua kwa chumvi na ndimu, akaubadilishia maji mpaka ukawa mweupe pe. Wazee walipoletewa sahani walinusa, wakatazamana, wakaweka mikono magotini. Walikuwa na adabu ya kutosha kumwambia mkwe, "Asante, mama, kisafi sana." Mmoja alitoka nje kidogo.

Fuso lilipofika, dereva alimtazama mtamba, akalitazama kabati. "Mama mchungaji, hawa wawili hawapandi gari moja. Mmoja atamvunja mwenzake." Ikaamuliwa kwamba mimi niende na mizigo, Mchungaji aende kwa miguu na ng'ombe pamoja na kijana wa kwaya, wakilala njiani. Kutoka Tarime mjini hadi Mugumu wilayani Serengeti ni zaidi ya kilomita 80, wao wangeanzia katikati. Kibali cha kusafirisha mfugo kilikuwepo, kimegongwa mihuri kwa mtendaji na kwa afisa mifugo. Mume wangu akasema kitu cha thamani namna hiyo kiwekwe mahali pasipopotea. Akakitia ndani ya ile Biblia kubwa ya ibada, Biblia akaitia sandukuni, sanduku akalipakia kwenye Fuso, chini ya magodoro. Halafu akashika fimbo.

Nikapita Nyamongo, kwenye vilima vya mawe ya mgodi wa North Mara, ambao umekuwa ukizalisha dhahabu tangu 2002, na biashara barabarani imechangamka kuliko Tarime mjini. Tukavuka Mto Mara. Watalii huujua kwa picha za nyumbu na mamba huko juu. Hapa umekwishapita Maasai Mara na hifadhi, umetulia, una rangi ya chai ya maziwa, na kazi yake ni kuzitenganisha wilaya mbili. Jioni nilikuwa nimelala juu ya magodoro sebuleni, nyumba mpya, taa hamna.

Simu ikaita usiku. Namba ngeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tuko na mtu hapa anasema ni mume wako. Ana ng'ombe."

Nikamwomba anielezee huyo mtu alivyo. Akamwangalia kwanza. "Mrefu. Ana matope mpaka masikioni. Anaomba sana."

"Huyo ni wangu," nikasema.

Walikuwa sungusungu. Ulinzi huu wa wananchi ulianzia kwa Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaenea, na huku Mara umekutana na watu ambao kufuata nyayo za ng'ombe ni elimu yao ya kale. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimpa uji, wakamkalisha karibu na moto, wakaishika kamba ya mtamba wao wenyewe. Alipoeleza habari ya kibali, Biblia, sanduku na magodoro, kiongozi wao alimjibu kwa upole kwamba kila mwizi ana kibali, na kwa kawaida kibali hicho kiko mahali pengine.

Wakamwambia kama ni mchungaji kweli, ahubiri. Naye akasimama. Biblia ina vitabu 66, ina Zaburi, ina Mwana Mpotevu, ina arusi ya Kana. Mume wangu, akitaka kuwagusa wafugaji kwa jambo wanalolijua, akachagua Yakobo na mifugo ya Labani. Kijana wa kwaya alinisimulia baadaye kwamba yalikwenda vizuri, watu wanaitikia, mpaka alipofika pale Yakobo anapowaondoa wanyama kimyakimya bila kumuaga mkwewe. Hapo kamba ikazungushwa mtini mara ya pili.

Huku mimi nachambua sanduku kwa mwanga wa simu. Kibali nilikikuta katika Mambo ya Walawi. Nikakipiga picha, nikauliza niitume wapi, nikajibiwa kwamba simu yao ni kitochi. Nikampigia mzee wetu kule mlimani. Aliamka, akanisikiliza, akaniuliza swali moja tu: kama mtamba amelishwa. Kisha akaomba namba yao.

Nasaba ikasomwa upya usiku ule, kwa Kikurya, simu ikiwa kwenye spika juu ya jiwe. Mtamba, mama yake, bibi yake, alama za masikio, rangi za tumbo. Ilipofika kwa wakwe wa upande wa Sirari, mlinzi mmoja akainua mkono kama mwanafunzi. Ile mahari aliifahamu. Yule binti wa pili alikuwa ameolewa na mjomba wa mlinzi huyo. Kuanzia hapo, mume wangu anasema, hakuna aliyeuliza tena kuhusu karatasi. Maswali yalikuwa ya nani amefariki, nani amejenga, na kwa nini kwenye msiba fulani watu fulani hawakuonekana. Asubuhi alisindikizwa mpaka darajani na vijana wawili, akanifikia na mashemeji wapya na kuku wa zawadi chini ya kwapa.

Maisha ya Serengeti yalituanza kwa jirani. Ni bibi mjane asiye na mtoto wa kiume, na ana mke. Ndiyo nyumba ntobhu, desturi ya Wakurya: mama wa namna hiyo hutoa ng'ombe akamwoa binti, watoto wakazaliwa kwa jina la nyumba yake. Mchungaji alipopita kuandika kaya za washarika alikaa na lile daftari magotini kwa muda, asijue nani aandikwe mkuu wa kaya na nani aandikwe nini. Mwishowe aliandika kwa penseli. Najua kuna mahubiri juu ya jambo hili na najua kuna wasichana walioingizwa humo bila kuulizwa. Najua pia kwamba yule mke wa bibi, mkamwana wake, ndiye aliyenifundisha kukamua kwa ng'ombe wao, akinicheka mpaka machozi, na penseli ile mpaka leo hatujaibadilisha.

Kisha tembo. Mahindi yangu yalikuwa yameanza kubeba walipoingia, usiku, kutoka upande wa pori. Kijiji kina dawa zake: kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, matochi, madebe. Mkamwana alikuwa anapiga debe, bibi anawatukana tembo kwa majina, mtamba analia zizini. Mume wangu akatoka na kipaza sauti cha mahubiri ya nje, kile cha kushika mkononi, akikusudia kupaza sauti tu. Gizani akabonyeza kitufe kingine. King'ora kikalia ambacho sisi wenyewe hatukujua kimo. Tembo waligeuka, wakapita juu ya choo chetu cha matete, wakaenda zao.

Robo tatu ya mahindi ilikuwa imekwisha. Kwa kanuni za mwaka 2011, mtu akidhurika na mnyama kuna kifuta machozi, na mazao yakiharibiwa kuna kifuta jasho; tumeandikisha dai letu kwa mtendaji pamoja na wenzetu. Choo tumejenga kwa matofali. Kipaza sauti kimekuwa mali ya kijiji: hulala kwa vijana wa zamu kando ya mashamba, hurudi Jumapili asubuhi betri ikiwa imekufa, na Mchungaji huhubiri kwa koo lake.

Mtamba amezaa juzi. Nikampigia mzee.

"Dume," nikasema.

Kimya kidogo. "Mama mchungaji, umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, mzee."

"Mchungaji naye ameangalia?"

"Ameangalia."

"Yeye mambo ya ng'ombe simtegemei." Nikamsikia anamwambia mtu pembeni alete kalenda. Watakuja Ijumaa, akasema, yeye, mashemasi na nusu ya kwaya, waone wenyewe, walale, warudi Jumapili baada ya ibada. Niwe na unga wa muhogo wa kutosha. Mbuzi watakuja naye, nisihangaike. "Na mama yako akiwa huko," akaongeza, "mpe salamu zetu nyingi sana, halafu mwambie apumzike. Utumbo tutauosha wenyewe."