Sifa za Feni Yenye Kelele

Nzi amewahi kusifiwa na Lukiano, upara ukasifiwa na Sinesio, wote waandishi wa kale, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Hakuna aliyeikumbuka feni ya jiko la peleti, ile inayoanza kukwaruza siku chache tu baada ya jiko kufungwa sebuleni, theluji ikiwa imefika magotini na risiti ikiwa bado mezani. Upungufu huo unafaa kuzibwa. Chombo kile kimejaa vyuma vinavyojua kunyamaza, na feni hiyo ndiyo peke yake inayosema kweli. Tena inaisema mapema, wakati gharama za matengenezo bado zinaweza kumwangukia mtu mwingine.

Msomaji wa Tanga au Kisumu anadai maelezo, na ana haki. Jiko hili si la kupikia ugali. Ni la kupasha nyumba joto huko kaskazini mwa Italia, Idaho au Maine, na Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliohamia Boise huenda wamekwisha kukutana nalo. Linakula peleti, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu hadi ukawa vijiti vifupi vyembamba, bila gundi, kwa sababu lignini iliyomo ndani ya mti wenyewe hulainika kwa joto la mashine na kuushika. Huko Marekani wazo hili lilishika kasi katika miaka ya 1980, kwa juhudi za Jerry Whitfield, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Boeing. Huenda ndiyo maana jiko lenyewe likaishia kuwa na mota nyingi kuliko lilivyohitaji jiko la bibi. Mota moja huzungusha parafujo inayodondosha peleti kidogo kidogo kwenye chungu cha moto. Ya pili huzungusha feni ya moshi, inayovuta hewa kupitia motoni na kuusukuma moshi nje kwenye bomba. Ya tatu huzungusha feni ya chumba, inayopitisha hewa kwenye mirija ya moto na kuileta sebuleni. Umeme ukikatika, zote tatu hulala, na mwenye nyumba hubaki na gunia la kilo 18 la kuni asizoweza kuziwasha.

Ushahidi wa kwanza wa busara ya feni ni wakati inaouchagua kusema. Feni ya moshi huanza kuzunguka mara jiko linapowashwa. Ya chumba kwa kawaida husubiri mwili wa jiko upate moto, kwani hakuna faida ya kumpulizia mtu hewa baridi usiku wa Januari. Basi kelele inayozuka papo hapo imekwisha kumtaja mshukiwa wa kwanza, na ile inayokuja baada ya dakika kadhaa imemtaja wa pili, kabla hata bisibisi haijatolewa kwenye droo. Ni shahidi gani mahakamani anayejibu upesi hivyo, tena bila wakili? Ushahidi wa pili ni aina ya sauti. Mtetemo wa bati unaokoma ukiubana ubavu wa jiko kwa kitambaa kinene si ugonjwa wa feni hata kidogo: ni skrubu zilizolegea kwa kurushwarushwa ndani ya lori, au jiko lililosimama upande kwenye sakafu isiyo sawa. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma, unaokimbia feni inapokimbia na kutambaa inapotambaa, ni gurudumu la mapanga lililopinda safarini au lililosogea kwenye mhimili wake hadi likagusa ganda. Hapo skrubu ndogo inayolishikilia ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Tiki-tiki ya haraka mara nyingi ni kipande cha boksi au sponji ya kufungia mzigo iliyosahaulika ndani. Mluzi mwembamba ni hewa inayopenya pasipotakiwa, penye gasketi iliyokaa vibaya. Kilio kikali kinachosikika wakati wa baridi na kupungua jiko likipata joto humwelekeza fundi kwenye beringi kavu. Ipo pia ngurumo inayokua wiki baada ya wiki, majivu yanapoganda kwenye mapanga upande mmoja na kuharibu mizani yake, lakini hiyo ni ya majiko yenye umri. Jiko jipya bado halijapata haki ya kunguruma hivyo.

Hebu linganisha na ukarimu wa sehemu nyingine. Bodi ya umeme ikiharibika huwasha taa nyekundu na namba, kisha hukutaka ukatafute kitabu cha maelekezo kilichotupwa pamoja na maboksi. Kiwashio kikifa, hufa tu. Feni pekee ndiyo inayolalamika ikiwa bado kazini, ikiendelea kupuliza joto huku ikieleza inapouma.

Wapinzani wana methali zao. Debe tupu haliachi kuvuma, watasema, na feni inayopiga kelele ni feni duni, basi. Wanalisingizia debe. Debe huvuma kwa kuwa halina kitu ndani. Feni hukwaruza, mara nyingi, kwa kuwa ina kitu ndani ambacho hakikupaswa kuwamo, na kukitoa ni kazi ya dakika chache ukishachomoa waya ukutani na kuliacha jiko lipoe. Wengine wataleta ngoma, kwamba ikivuma sana mwisho hupasuka. Hao nakubaliana nao kabisa, na ndiyo hoja yangu: afadhali ivume leo, katika mwaka wa kwanza, dhamana ikiwa hai, kuliko ipasuke miaka michache mbele, muuzaji akiwa amekwisha kusahau sura ya mteja.

Pingamizi zito zaidi ni la usingizi. Mtu amenunua joto ili apumzike, na sasa anasikiliza chuma kikisaga usiku kucha. Yafaa nini kumwambia kwamba anaelimishwa? Silidharau. Ila aliye na shida hiyo ajiulize kwanza angependa nini badala yake. Feni ya chumba ikizimika kimya kimya, joto hubaki limefungiwa ndani ya jiko hadi swichi ya usalama ikate, na mwenye nyumba ataigundua habari hiyo alfajiri kwa kupumua mvuke mweupe kitandani. Feni ya moshi ikizimika, mambo ni makubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayohakikisha moshi unatoka nje na hauingii chumbani. Jiko lina swichi inayopima mvuto wa hewa na kusimamisha parafujo mvuto ukipotea, lakini peleti zilizokwisha kudondoka huendelea kufuka, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala haipigi hodi. Kitambuzi cha gesi hiyo ukutani si anasa. Mama mwenye mtoto mchanga hamwogopi anapolia. Humwogopa anaponyamaza ghafla. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na waliotunga methali hiyo hawakuwahi kuona hata jiko la peleti.

Kuna wanaojaribu kuinyamazisha feni kwa nguvu, wakimwaga mafuta mepesi ya kopo la kupuliza kwenye mhimili. Huo ni udhalimu. Mafuta ya aina hiyo huyeyusha grisi iliyokuwamo, hukauka upesi na kunasa vumbi, hivyo sauti hupotea kwa siku mbili na beringi huumia maradufu. Mota chache zina tundu la mafuta, nazo huridhika na matone machache ya mafuta ya mota za umeme. Nyingi zimezibwa kiwandani na hazihitaji kitu. Tena yafaa kuisoma karatasi ya dhamana kabla ya kufungua chochote, maana watengenezaji wengine hutafuta sababu ya kukataa, na skrubu iliyochubuka ni sababu nzuri sana.

Uungwana unanitaka niseme pia kwamba si kila kelele inastahili sifa hizi. Mvumo mnene, usiopanda wala kushuka, wenye mitetemo 120 kwa sekunde nchini Marekani na 100 Italia, ni sauti ya umeme wenyewe ukiivuta sumaku ya mota mara mbili katika kila mzunguko. Hauna jipya la kueleza. Huzidi feni inapowekwa kasi ya chini, kwa sababu bodi nyingi hupunguza kasi kwa kuukatakata umeme, na mara nyingi kupandisha kasi hatua moja huutuliza kuliko fundi yeyote. Mvumo huo ni porojo, na porojo haina nafasi katika waraka wa sifa.

Feni ya kweli ina tabia moja ambayo maadui zake huiita unafiki, nami naiita haya: fundi akifika, hunyamaza. Sababu si siri. Amekuta jiko limepoa, amelisogeza kutoka ukutani, amefungua ubavu na kuufunga tena, na kwa kufanya hivyo amekwisha kubadilisha kila kitu kilichokuwa kikitetemeka. Ataandika kwenye fomu kwamba hakuna kasoro, na fomu hiyo itamtetea muuzaji. Kwa hiyo sauti inaporindima, usiku uleule, irekodiwe kwa simu, mara jiko linapowashwa na mara feni ya chumba inapoanza, kisha itumwe pamoja na nakala ya risiti na namba ya jiko iliyobandikwa kwenye kifuniko cha nyuma.