Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Malango: Ombi la Mzungu wa Kukodi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Malango Yote ya Milima, Misitu na Mito,

Yah: OMBI LA KUKODISHIWA MZUNGU LANGONI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupa pole kwa majukumu mazito ya ujenzi wa taifa, hasa lile la kutuhimiza kila mwaka, kwa redio, mabango na fulana, tutembelee hifadhi zetu wenyewe. Tumehimizika. Mimi, shemeji yangu ambaye ni mhasibu, na rafiki yetu mwalimu wa sekondari tulijichanga, tukaazima hema, tukafungasha unga, dagaa, karanga na chumvi ya kuwashindia ruba, tukapanda basi la alfajiri hadi kwenye lango lako mojawapo chini ya milima ya Tao la Mashariki. Jina la lango silitaji. Nikilitaja nitakuwa nimelionea, maana wenzangu wanaosoma barua hii kila mmoja analo lake.

Tulipofika dirishani hatukuulizwa habari za safari. Tuliulizwa, "Wageni wenu wako wapi?"

Tukajibu kwamba wageni ni sisi. Kijana wako akatuangalia, akaangalia barabarani nyuma yetu, akaangalia mabegi, akasubiri utani uishe. Ulipogoma kuisha akauliza tena, kwa upole wa mtu anayesema na mgonjwa: "Sawa, lakini wageni wenyewe?"

"Ni sisi."

"Mnakwenda kufanya nini huko juu?"

"Kutembea."

"Kutembea tu?"

Hapo mabegi yakafunguliwa. Likatafutwa panga, ukatafutwa mtego, ikatafutwa sururu ya kuchimbia madini. Karanga zetu zikanuswa. Katikati ya ukaguzi huo gari la watalii likaegesha, wakashuka wazee wawili wenye kofia pana, na dirisha zima likahamia nje kuwapokea. Karibuni sana, jambo, jambo. Mabegi yao, ambayo yangetosha kuficha shoka na mbao yake, yalibebwa kwa heshima hadi kwenye benchi la kivulini. Sisi tuliachwa tukiokota dagaa.

Naomba nikueleze juu ya daftari, kwa kuwa huenda hujaliona siku nyingi. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na mtu mwenye mkono mzuri: jina, kampuni, uraia, idadi ya wageni, wapagazi, mpishi. Kijana alihangaika na kalamu juu ya safu hizo, kisha akapata ufumbuzi. Mimi na mwalimu akatuandika wapagazi. Shemeji, anayefunga hesabu za kampuni nzima kila Desemba na ambaye hajawahi kupika wali ukakosa kuungua, akaandikwa mpishi. Kwenye idadi ya wageni akaandika sifuri. Hivyo ndivyo wapagazi wawili na mpishi mmoja walivyopewa ruhusa ya kupanda mlima kwenda kumhudumia Sifuri.

Sisemi kwamba upagazi ni aibu, Mheshimiwa. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wanapanda na kilo 20 kichwani huku mwenye mzigo akihema kwa chupa ya maji peke yake. Mjerumani Hans Meyer alipofika Kibo mwaka 1889, inasimuliwa kwamba njia ilikuwa inaonyeshwa na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Wilhelm. Miaka 72 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha pale bendera na mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru. Nashukuru Mungu kwamba daftari lako halikuwapo siku ile. Angeambiwa, "Karibu, Luteni, lakini wageni wako wapi?" na tungekuwa bado tunausubiri mwenge.

Shuleni tulikaririshwa Kibo, Mawenzi na Shira. Tulichapwa tuliposahau mita 5,895. Tukaaminishwa kwamba vitu hivi ni vyetu, tukaviona kwenye noti, kwenye chupa za bia na kwenye makoti ya timu za taifa. Kumbe ni vyetu kwa kukariri. Kijana wako hakuwa mkorofi. Ningefurahi kama angekuwa mkorofi, ningemshtaki yakaisha. Yeye aliamini kwa moyo safi kwamba mtu mweusi hawezi kupanda mlima bila kulipwa, na akionekana msituni hana mzigo wa mtu basi ni mwizi. Imani hiyo hakuzaliwa nayo. Amefundishwa, amevishwa sare, amekabidhiwa dirisha, na analipwa kwa kodi za hao hao anaowanusia karanga. Inauma. Inauma hata kuiandika.

Samahani, nimetoka nje ya mada. Narudi kwenye ombi.

Kwa heshima na taadhima, naomba ofisi yako ifungue pale langoni, kando ya kibanda cha kukodisha fimbo na mabuti, dirisha dogo la kukodisha Wazungu. Bajeti yake si kubwa. Inatosha benchi, paa la makuti, birika la kahawa na Wazungu wanne kwa kuanzia.

Mzungu wa daraja la kwanza awe profesa wa ndege. Awe na darubini shingoni, ndevu nyeupe, na suruali ile yenye mifuko kumi na zipu magotini inayogeuka kaptura mtu akiamua. Huyu atafaa kwa harusi, kwa vikundi vya kwaya na kwa safari za wabunge wasiojulikana sura. Daraja la pili ni kijana aliyesukwa nywele Nungwi, amevaa ndala na bangili za shanga. Bei yake iwe ya wanafunzi, na shule iruhusiwe kumtumia mmoja kwa watoto arobaini. Daraja la tatu ni mstaafu asiyeweza kutembea, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha mbele cha gari, kioo kikiwa kimeteremshwa nusu ili mkono uonekane.

Kazi yenyewe haichoshi. Mzungu atasimama mbele yetu dirishani, atatuelekezea kidole, atasema, "Hawa ni wangu." Basi. Daftari litajaa lenyewe: mgeni mmoja, wapagazi wawili, mpishi mmoja. Mabegi yatapita bila kunuswa. Tutaongozana naye hadi kona ya kwanza, pale lango lisipoonekana tena, tutamshukuru, na yeye atarudi kwa njia ya panya kuwahudumia wananchi wengine. Kwa hesabu ya shemeji, mmoja mwenye afya anaweza kuvusha familia kumi kabla ya saa sita mchana. Wakati wa Pasaka, Idi na Nane Nane waongezwe wa akiba.

Masharti tumeyafikiria. Mteja ataacha kitambulisho cha taifa, ambacho hatimaye kitakuwa kimepata kazi langoni. Mzungu akirudishwa ameungua jua, mteja atalipa faini. Atalishwa parachichi na ndizi, na asipewe pilipili bila idhini ya maandishi. Asijue Kiswahili zaidi ya salamu, kwa sababu akikijua vizuri vijana wako watamzoea, na wakishamzoea wataanza kumwuliza naye amepoteza nini msituni. Risiti itolewe ya mashine.

Na iwapo siku hiyo Wazungu wote wameshakodishwa, tukodishiwe kofia. Mwalimu ana hakika kofia peke yake, ikiwekwa vizuri juu ya fimbo ndani ya gari, itatosha.

Usidhani tunaomba jambo lisilo na mfano. Yuko chura wa Kihansi. Mdogo kiasi cha kukaa juu ya kucha, manjano, anazaa watoto kamili badala ya viluwiluwi, na aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa ya Tao hilo hilo la Mashariki. Bwawa la umeme lilipoyachukua maji, manyunyu yakakatika. Chura akafungiwa mabomba ya kumnyunyizia, jambo ambalo vijiji vingi vilivyo jirani na mto huo vingelipigia vigelegele. Mwaka 2000 chura mia kadhaa walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Mwaka 2012 uzao wa wale wasafiri ukaanza kurudishwa maporomokoni. Nafurahi kwa ajili yake, na nisieleweke vibaya: kila shilingi iliyotumika kumwokoa ilitumika vema. Nauliza tu utaratibu. Ikiwa suala la Wazungu wa kukodi litakwama kwenye kamati, sisi watatu tuko tayari kupelekwa New York, kukaa ndani ya tangi la kioo miaka 12, na kurudi tukiwa na hadhi ya kuingia Udzungwa.

Maombi madogo madogo utayapatia nafasi ukipenda. Kibao kinachoonya juu ya nyati kimeandikwa kwa Kiingereza tupu, wakati wanaopita hapo kila siku ni wakata nyasi wenu na wala nyati hasomi. Namba ya malipo inatolewa langoni lakini mtandao wa kuilipia uko nyuma kabisa, juu ya kichuguu, karibu na duka la mbolea. Ufunguo wa choo kizuri uwe wazi kwa haja zote, si haja za kigeni peke yake. Ada ya mwananchi ni nafuu na tunashukuru. Ila unafuu huo usidaiwe tena kwenye heshima yetu. Na vijana wasituambie "jambo". Hatujui tuijibu vipi.

Tulipanda, usidhani tulirudi nyumbani. Tulipewa askari mwenye bunduki "kwa usalama wenu", na safari ilikuwa nzuri kuliko ilivyostahili kuwa baada ya asubuhi ile. Mbega walituzomea kutoka juu ya miti. Ruba walishinda chumvi. Jioni tulivuka mto juu ya mawe, viatu shingoni, maji ya baridi ya kuumiza meno ya miguu kama miguu ingekuwa nayo, tukapiga hema ukingoni na shemeji akaunguza ugali, maana cheo ni cheo.

Askari alikaa nasi motoni. Ni mwenyeji, kijiji chake kinaonekana kutoka kwenye mwamba ulio kando ya kambi. Alituambia hajawahi kupanda hadi pale isipokuwa akiwa na wageni. Kisha akaonyesha kwa mdomo dimbwi lililo chini ya kambi, akasema bibi yake alikuwa akivua samaki pale, na juu zaidi palikuwa na mahali wazee walipokwenda mvua ikichelewa. Mpaka wa hifadhi ukapita, wakaacha. Aliyasema bila hasira, akirudisha kijinga motoni.

Nilikaa nalo hilo, Mheshimiwa. Bibi yule angefika leo langoni na kapu lake, angeulizwa mgeni wake yuko wapi. Na mjukuu wake mwenyewe, kwa amri yako, ndiye angekuwa anauliza.

Si ajabu basi kwamba mwaka 2005 dunia ilitangaziwa kima mpya aliyegunduliwa Rungwe na Udzungwa, kipunji, akapewa jina la kisayansi, picha zikasambaa. Jina "kipunji" lenyewe lilikuwa la Wanyakyusa wa Rungwe, waliokuwa wakimjua siku zote. Hawakuhesabika. Bila shaka nao kwenye idadi ya wageni waliandikwa sifuri.

Kwa kumalizia, endapo maombi yote haya ni mzigo kwa ofisi, lipo moja la bei nafuu: madaftari yakichapwa upya, safu ya kwanza baada ya jina isiwe kampuni. Na kijana akimwona mtu kashika begi na fedha ya kulipia, amwamkie kama anavyomwamkia mtu kwao, apokee fedha, amwonyeshe njia ilipoanzia.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpagazi Na. 1

Nakala kwa: Wapanda milima wote wa ndani.

Ndugu zangu, kiangazi kimefika na njia ni kavu. Msisubiri ajibu. Chukueni hema, likiwa la kuazima halina neno, nendeni. Lipeni ada, daini risiti, na msibanduke dirishani mpaka mmeandikwa kwenye safu ya wageni.