Tuficheni Nyuma ya Maporomoko: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Siku ya Familia, Doha

Waheshimiwa Wakuu,

Sisi huku nje ya mlango hatujambo; hofu na mashaka ni juu yenu mlio ndani, msije mkapatwa na mafua kwa baridi ya viyoyozi. Madhumuni ya barua hii ni kuwashukuru kwanza, kisha kuwaomba jambo dogo.

Shukrani ni za Ijumaa. Mmetupa siku moja ya mapumziko katika wiki, na siku hiyo hiyo mkaifanya Siku ya Familia, ambapo mwanamume aliyekuja bila familia, yaani "kapera" kwa lugha yenu, haingii kwenye maduka makubwa. Mpango huo una hekima. Mfanyakazi akipumzika siku ambayo milango iko wazi anaweza kuharibika tabia: akanunua soksi, akala aiskrimu, akakaa kwenye benchi akajiona mtu. Mmetukinga na hayo yote, na Mungu awalipe.

Na mlinzi wa mlangoni hatuna ugomvi. Mlinzi ni wetu. Mara nyingi ni kijana wa Kakamega au wa Masaka, tunalala naye kambi moja huko Sanaya, eneo la viwanda, na usiku wa kuamkia Ijumaa tumekula ugali sufuria moja. Akituona tunakuja anaanza kutazama viatu vyake. "Kaka, leo ni familia tu. Tafadhali usiniweke matatani." Tunamjibu hakuna shida. Yeye mwenyewe siku akivua ile sare haingii.

Mnauliza familia zetu ziko wapi. Swali zuri. Yangu iko Kwale: mke mmoja wa halali, watoto, na mama yangu mzazi. Iko huko kwa sababu anayetaka kuleta mke na watoto Qatar lazima awe na mshahara unaozidi mara nyingi ule wa kima cha chini, na kima cha chini, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula endapo mwajiri havitoi mwenyewe. Kwa hiyo mkono mmoja unaizuia familia yangu uwanja wa ndege, na mkono wa pili unanizuia mimi mlangoni kwa kuwa sikuja nayo. Dada zetu wa kazi za ndani ndio huingia. Wanaingia wakisukuma kigari cha mtoto wa watu, wamembeba mwingine begani, nao wa kwao wanalelewa na bibi kijijini kwa simu na kwa pesa za mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo familia mnayoilinda dhidi yetu.

Niwieni radhi. Nilikuwa kwenye shukrani.

Jambo moja tu hunitatiza, na naomba wanazuoni wenu walitazame. Ijumaa adhuhuri tunaswali pamoja. Bega kwa bega, mguu kwa mguu, safu moja na wale akina baba wenye familia, na sijapata kuona imamu akiomba cheti cha ndoa. Imamu anatoa salamu kulia, anatoa salamu kushoto, watu wanavaa viatu, na hapo hapo sisi tunageuka makapera.

Tena ukapera wenyewe si wa kila mtu. Mwaka 2022, wakati wa Kombe la Dunia, walishuka makapera maelfu kwa maelfu, kutoka Buenos Aires na kutoka Manchester, wengine vifua wazi, wakiimba ufukweni Corniche hadi alfajiri. Hakuna aliyewauliza wamemwacha wapi mke. Sisi tulitengewa skrini katika uwanja wa kriketi wa Asian Town, huko huko pembeni tuliko siku zote, na tukaambiwa ni bure.

Hata miti yetu imepata heshima kuliko sisi. Nyumba za zamani za Doha ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizotoka Lamu na delta ya Rufiji, zikavuka bahari kwa majahazi; upana wa chumba cha bwana wa Kiarabu uliamuliwa na urefu wa boriti ya Mswahili. Boriti hizo zilikaa juu ya vichwa vya familia, mchana na usiku, Ijumaa ikiwemo.

Basi tuje kwenye maombi. Mengine ni mepesi. Kigari cha kubebea bidhaa kinafunguka kwa kutia sarafu: wekeni na familia za kukodi mlangoni kwa utaratibu huo huo, tukimaliza tunazirudisha. Marufuku ya kazi za nje kwenye jua kali, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, tunaipenda sana; ongezeni kifungu kinachoeleza saa hizo, ikiwa ni Ijumaa, tukae wapi. Na yule anayeandika vile vibao vya "Familia tu" mlangoni mpeni darasa la heshima, au mpeni likizo Ijumaa.

Ombi langu hasa ni maporomoko ya maji.

Kwetu Kwale, ndani ya msitu wa Shimba Hills, kuna maporomoko yanayoitwa Sheldrick. Ukiwa barabarani huyaoni. Mnakusanyika kilimani, askari wa wanyamapori anatangulia na bunduki yake, mnateremka kilomita mbili hivi kwenye mizizi na majani yaliyooza, jua limebaki juu huko, mbega wanawatazama kwa dharau, magoti yanaanza kulalamika. Unayasikia maji muda mrefu kabla hujayaona. Kisha miti inaachana, na hayo hapo, yanaanguka mita 21 mbele ya uso wako, na watu wazima wenye vyeo wanaingia na nguo zao. Kilio ni wakati wa kurudi kupanda. Lakini hakuna anayeulizwa kama ameoa.

Nataka maporomoko hayo Doha, na nataka yafichwe. Hapo kwenye kufichwa msipapite haraka. Nimelichunguza kosa letu nikaona si ukapera, ni kuonekana. Jengo likiwa vumbi na vyuma tunaruhusiwa kuwamo hata usiku wa manane. Likipakwa rangi na kutiwa manukato ndipo tunapoharibu picha. Sawa. Kama lazima tufichwe, tuficheni nyuma ya kitu kinachostahili.

Mtasema Qatar haina mto. Ni kweli, na sehemu yake iliyoinuka kupita zote, Qurayn Abu al Bawl, ni mita 103 tu. Lakini mita 21 zinaingia humo mara nne na chenji inabaki. Na maji mnayo. Kila kiyoyozi cha Doha kinatoka jasho. Agosti, unyevu wa Ghuba unapopanda, nyuma ya kila duka kubwa kuna bomba jembamba linalodondosha maji mchana kutwa. Tunayajua mabomba hayo moja moja, maana ndipo tunaposimama. Yakusanyeni hayo maji. Baridi ni ya familia, tumekubali. Jasho la baridi tuachieni sisi. Lipitisheni kwenye bomba kuu kutoka West Bay hadi Sanaya, nyuma ya magereji na yadi za malori, kwenye ile mitaa iliyopewa namba badala ya majina, ambako hakuna familia iliyowahi kupotea njia ikafika. Chemchemi za Marere, huko huko Shimba, zinainywesha Mombasa kwa bomba tangu enzi za Mwingereza, kwa hiyo kazi hii inawezekana. Mafundi bomba wamejaa kambini.

Msitu nao hauwezi kuwashinda. Mliandaa maonyesho ya dunia ya kilimo cha bustani, Expo 2023, katikati ya jangwa. Mmetia kiyoyozi kwenye njia ya kukimbilia, nje, bustanini Al Gharrafa. Na majaribio mmekwisha kuyafanya: katika Kiwanja cha Ndege cha Hamad, tangu 2022, iko ile bustani ya The Orchard, mita za mraba 6,000 chini ya paa la vioo, miti zaidi ya 300, mimea zaidi ya 25,000, na maji ndani yake. Ni msitu mzuri, sisemi uongo. Ila uko ng'ambo ya dawati la pasi. Mwenzetu akitaka kukaa chini ya mti Ijumaa, akate kwanza tikiti ya Nairobi.

Kanuni za kwetu nimezipanga tayari. Njia iwe ngumu, yenye matope ya kweli, si ya kuletwa na mkandarasi kwa gunia. Ruba wawepo, wachache, wa kumkumbusha mtu nyumbani. Askari wa bunduki awepo pia, lakini atazame nje, kwa sababu hatari haitoki kwetu. Palahala waletwe, kwani Kenya nzima makao yao ni Shimba, nao wamezoea kuishi mahali pamoja tu walipoambiwa ni pao. Na waletwe ndovu dume. Ndovu dume akishabalehe hufukuzwa kundini na mama yake na shangazi zake, akaenda kuishi peke yake au na madume wenzake. Kwa vipimo vya mlango wenu huyo ni kapera kamili, na uzito wake ni tani kadhaa. Pamoja na hayo, huko Shimba anakunywa maji Ijumaa.

Mlangoni pawekwe kibao kwa Kiarabu, Kiswahili, Kinepali na Kibengali: LEO NI SIKU YA WALIOACHA FAMILIA ZAO NYUMBANI. Baba mwenye familia akifika na mke na watoto na gari lake jeupe, asifukuzwe. Sisi hatukulelewa hivyo. Aulizwe tu, kwa sauti ya chini na macho kwenye viatu: mzee, umekuja na kapera gani? Akiwa hana, asimame kando, hapo kwenye jua, tumtafutie wa kumsindikiza. Na tutampata, waheshimiwa. Hatutamwacha mtoto wa mtu asimame juani nje ya mlango ambao ndani yake kuna nafasi. Jambo hilo mtu mzima mwenye akili timamu hulifanyaje, kila wiki, kisha akaenda kula chakula cha mchana?

Niwieni radhi tena. Ni joto.

Gharama za mradi tutachangia. Mnaweza kuanza kukata kwenye mshahara, mfumo wa kukata mnaujua. Naambatanisha nakala ya cheti cha ndoa chenye muhuri wa kadhi, picha ya mke, na picha ya watoto wakiwa na sare za shule. Picha msizirudishe, ninazo nyingine.

Na kama maporomoko yatachelewa, kama miradi inavyochelewa, tupeni kwa muda benchi moja ndani ya mlango, pale baridi inapoishia. Tutakaa tumewapa familia migongo.

Wenu mtiifu,
Baba wa familia,
Nje.