Namna ya Kununua Spika za Bei ya Nyumba Bila Kuibiwa

Anza kwa kuzizoea bei, zisije zikakushtua mbele ya muuzaji. Mwaka 2017 kampuni ya Wilson Audio ya Marekani ilitoa spika ziitwazo WAMM Master Chronosonic, jozi moja dola 685,000. Sennheiser ya Ujerumani ilitengeneza spika za kuvaa masikioni, HE 1, ambazo amplifaya yake imekaa ndani ya marumaru. Zilipotangazwa mwaka 2015 bei yake ilikuwa takriban euro 50,000. Na mwaka 2007 kampuni ya Pear Cable ilikuwa ikiuza waya za spika, narudia, waya, za urefu wa futi 12, kwa dola 7,250.

Mwongozo huu ni wa mpenda muziki mwenye fedha ambaye mkono umeanza kumwasha. Mtu anayetaka kumsikia mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi ni mtu wangu, na fedha zake ni zake. Ninaowapinga ni wale wanaomuuzia mtu huyo hadithi kwa bei ya gari.

Nenda dukani na shemeji yako. Shemeji anafaa kwa sababu hana haya ya kukuambia ukweli. Mpe kazi moja: akae nyuma ya pazia, arushe sarafu, kichwa kikija awashe amplifaya ya bei kubwa, upande wa pili ukija awashe ya bei ndogo. Wewe kaa, sikiliza, andika kwenye karatasi umesikia ipi. Fanyeni hivyo mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu haufiki asilimia 4, na una haki ya kufikiria kulipa. Ukipatia 8, shemeji amekuokolea fedha nyingi, mnunulie pilau.

Lakini kabla ya sarafu, sawazisheni sauti. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Sikio la binadamu likiletewa vifaa viwili, kimoja kikiwa juu kidogo tu, labda desibeli moja au nusu yake, halisemi kwamba kile kina sauti kubwa zaidi. Linasema kile ni kitamu, kina uhai, mwimbaji amesogea mbele. Muuzaji anayeijua kazi yake anatosheka na kugusa kitufe kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo beba mita ya fundi umeme. Cheza mlio mmoja usiopanda wala kushuka, pima volti pale waya zinapoingia kwenye spika, kwanza kwa amplifaya hii, kisha kwa ile, mpaka zilingane. Muuzaji akianza kukasirika unapotoa mita mfukoni, umeshapata jibu lako.

Wengine wameshafanya haya kwa makini kuliko mimi na wewe. Januari 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio la amplifaya, kuanzia ya dola mia mbili na kitu hadi za dola 12,000 kwa jozi. Wasikilizaji, wakiwemo waliokuwa na hakika kabisa kwamba tofauti ni kubwa, hawakuweza kuzitambua kwa masikio peke yake. Septemba 2007 E. Brad Meyer na David Moran walitoa matokeo yao kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society: walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kiwango cha CD, wakauliza watu ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Sarafu ya shemeji ingepata karibu hayo hayo.

Zile waya za dola 7,250 nazo zilipata siku yake. Mwaka huo huo wa 2007, mwanamazingaombwe James Randi, aliyezoea kuwaumbua waganga wa uongo, aliahidi dola milioni moja kwa yeyote atakayezitofautisha na waya za kawaida bila kuziona. Mwandishi wa jarida la Stereophile, Michael Fremer, alijitokeza. Kampuni ikajitoa, na jaribio halikufanyika. Niambie ni mfanyabiashara gani mwenye mali ya kweli anayekimbia dola milioni moja.

Hesabu ya waya unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ule ambao mafundi wetu wanapitisha ukutani kwenda kwenye soketi. Kila mita ina ukinzani wa kama omu 0.007. Spika ikiwa mita tano kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi mita kumi: omu 0.07. Spika yenyewe ni omu 8. Yaani waya unameza chini ya asilimia 1 ya kazi yote. Nunua huo, menya ncha vizuri, kaza skrubu, funga mada.

Kisa ninachotaka kila mpenda santuri akijue ni cha Mobile Fidelity. Kampuni hii ya Marekani iliheshimiwa kwa santuri za bei kubwa, na wanunuzi waliamini zinatoka moja kwa moja kwenye kanda ya asili, bila hatua yoyote ya kidijitali katikati. Kulikuwa na waandishi na wakusanyaji waliosema wanausikia usafi huo, na kwamba dijitali inaua muziki. Kiangazi cha 2022 mwenye duka mmoja wa huko Phoenix alilitoa jambo hadharani, na wahandisi wa kampuni wakakiri: tangu mwaka 2011 walikuwa wakitumia faili za kidijitali kwenye rekodi zao nyingi. Kwa miaka kumi na moja masikio ya dhahabu yalikuwa yakisikiliza dijitali na kuisifu kwamba si dijitali. Watu walikwenda mahakamani, na nawaelewa, kwa sababu walidanganywa. Ila santuri zenyewe zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Sauti haikubadilika hata kidogo siku habari ilipotoka.

Basi mtu atumie wapi fedha zake? Kwenye spika. Hapo tofauti ipo, na inasikika hata na mtu asiyejali. Spika ndiyo inayogeuza umeme kuwa hewa inayotikisika, na kila muundaji anaigeuza kwa namna yake: hii inavimbisha besi, ile inamfanya mwimbaji aonekane ana mafua. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walitumia miaka mingi kuzilinganisha, na jaribio lao la 1994 ni la kukumbuka dukani: wasikilizaji walipoziona spika, walizipandisha alama zile kubwa na za kuvutia na kuishusha ile ndogo ya plastiki. Walipozisikiliza bila kuziona, alama zikabadilika. Kwa hiyo pazia la shemeji libaki pale pale, ila safari hii jaribio lina maana. Spika ikishinda gizani, ichukue, hata kama ina sura mbaya.

Kisha rudi nyumbani ukitazame chumba. Nyumba zetu nyingi ni zege, vigae sakafuni, madirisha ya vioo. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unakimbia ukutani kama mpira, hakuna amplifaya duniani itakayoutibu. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinavimbisha sauti nzito ya mitetemo kama 43 kwa sekunde, ndiyo maana besi inanguruma kwenye kochi la ukutani na kupotea mtu akisogea katikati. Weka zulia zito, mapazia mapana, kabati la vitabu nyuma. Sogeza spika nusu mita kutoka ukutani, keti, sikiliza, sogeza tena. Jumamosi moja ya kusukuma spika ina faida kuliko waya zote za Pear.

Wasiokuwa na fedha za Wilson wasidhani wamesalimika, kwa sababu uongo huu una tawi la chini. Ingia duka lolote la sabufa Kariakoo utakuta boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua. Ligeuze. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo kinachosema kifaa kinatumia wati 60. Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa umeme kisioupokea. Soma kibandiko, puuza boksi.

Jambo jingine la kuuliza ni muziki wenyewe ulitengenezwa kwa kutumia nini. Spika ndogo ya Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, ilijaa kwenye studio za dunia nzima kwa miaka mingi, na nyimbo zisizohesabika zilichanganywa mbele yake. Hakuna anayeweza kusema ilikuwa spika ya kifahari. Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake iliingia kwenye santuri za teknolojia ya siku hizo, zenye mikwaruzo na nafasi finyu. Kile ambacho kifaa cha kurekodia hakikukipata siku ile hakimo, na spika ya dola 685,000 haiwezi kukirudisha. Sauti ya Siti imetufikia hata hivyo.

Mwisho, uliza bei ya kuuzia kabla ya bei ya kununulia. Ken Fritz wa Virginia alitumia miongo mingi na takriban dola milioni moja kujenga chumba na mitambo yake, vingine kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa fundi wa kweli. Alifariki mwaka 2022. Mitambo ilipouzwa ilileta dola 157,000 hivi.

Wenye maduka, nawaombeni wekeni pazia. Kama bidhaa yenu ni ya kweli, pazia ndilo tangazo bora mtakalowahi kulipia. Nawe mnunuzi, nunua spika uliyoichagua bila kuiona, waya wa fundi umeme na zulia, kisha peleka fedha iliyobaki kwenye kiingilio cha taarabu au dansi, kwa wapiga muziki wenyewe, ambao wengi wao hawana hata spika nzuri ya kufanyia mazoezi.