Kamba ya Katani

Gari la kwenda kupiga kambi porini, kwa mujibu wa baba mdogo anayeishi Dar es Salaam, lazima liwe na winchi mbele, hema juu ya paa, taa za kumulika kilima kizima na friji ya vinywaji. Hayo yote aliyaona kwenye simu. Gari tulilokuwa nalo nyumbani Mabwerebwere ni pikapu ya familia, dabo kebini, iliyoongezwa springi pasi ili ihimili magunia ya mpunga. Mlango wake mmoja hufunguliwa kwa kuingiza mkono dirishani, na honi hulia yenyewe ukikata kona ya kushoto. Haijawahi kuandaliwa kwenda porini kwa sababu haijawahi kutoka huko.

Mpango ulikuwa tulale hemani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mwezi Juni, masika yakishapita. Mama aliusikiliza huku akipepeta mchele.

"Shemeji," akasema, "tembo wanakuja wenyewe hapa shambani na hawadai kiingilio. Wewe unataka uwalipe ndiyo uwafuate kwao?"

Baba mdogo akamweleza habari za kupumzisha akili. Mama akaendelea kupepeta.

Fundi aliitwa, akatandika gunia chini ya mwembe, akaingia uvunguni. Kutoka huko alitoa hukumu moja baada ya nyingine: bushi zimekwisha, rejeta inavuja, betri ya kuzika. Siku ya pili alileta betri nyingine, imetumika kidogo tu, akaapa imetoka Ulaya. Ikabidi aulizwe Ulaya ipi, maana hapa Kilosa tunayo kata yenye jina hilo na bodaboda inafika.

Oili ilipomwagwa, mama alikuwa ameshatega ndoo. Vijiji vinavyopakana na tembo havitupi oili chafu. Inachanganywa na pilipili kali iliyotwangwa, inapakwa kwenye kamba za katani na matambara, vinazungushiwa shamba. Tembo ananusa kabla hajaona. Akifika hapo pua inawaka, anageuza. Mvua ikiosha, unapaka upya. Ni kazi chafu inayopigisha chafya ukoo mzima, lakini mahindi yanabaki.

Upakiaji ndio uliotuonyesha kwamba kila mtu huliandaa gari kwa ajili ya hofu yake mwenyewe. Shangazi, anayeogopa njaa, alileta hotipoti mbili za vitumbua na kikapu cha machungwa, tukamsihi machungwa yasiingie hemani kwa sababu tembo huyafuata. Fundi, anayeogopa tope, aliweka ubao mnene wa kutegea jeki. Baba mdogo, anayeogopa picha mbaya, alikuja na turubai jipya la bluu. Nikamwambia mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi nyingine. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Akajibu kwamba bluu inatoka vizuri. Kisha akaushusha ubao ili friji ipate nafasi.

Ikabaki kufunga mzigo. Kamba ya dukani ilikuwa fupi. Baba mdogo akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi anachekelea: amepata kamba ndefu ya katani, imara, imefungwa kwenye miti pembeni mwa shamba, haina kazi yoyote. Weusi wake alidhani ni dawa ya kuzuia maji. Mama alikuwa amekwenda mashineni kukoboa. Mzigo ukafungwa, ukakazwa, na baba mdogo, kwa jasho la ushindi, akajifuta uso.

Sitaeleza sana kilichofuata. Maji ya kunawa yalizidi kuieneza pilipili, na kila aliyemsaidia naye alishika macho yake. Tulipofika lango la hifadhi, askari alichungulia ndani, akaona watu wazima wanabubujikwa na machozi, akavua kofia na kusema poleni kwa msiba. Baba mdogo hakutaka maelezo marefu. Akaitikia tumeshapoa.

Mbung'o walitupokea kwa heshima zote, wakalikalia lile turubai kama wajumbe waliofika mkutanoni mapema. Katika uwanda wa Mkata tairi likapata pancha, tena penye ule udongo mweusi ambao juu umekauka na chini bado ni uji. Tukategesha jeki. Tukapampu. Gari halikupanda, jeki ndiyo iliyoshuka, taratibu, hadi ikabaki mpini. Hapo kila mmoja aliukumbuka ubao wa fundi, lakini aliyetoa mfuniko wa friji na kuulaza chini ya jeki alikuwa baba mdogo mwenyewe, bila kuulizwa. Ulipasuka baada ya gari kuinuka, si kabla, kwa hiyo mimi nauhesabu kuwa kifaa pekee cha kisasa kilichotufaa.

Mikumi ni hifadhi tangu 1964, yenye kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inaikatiza, hivyo abiria wa basi huona tembo huku wakimenya mayai. Sisi tuliolipa tulikaa kando ya gari lililonuka oili na pilipili kutoka boneti hadi bampa ya nyuma. Jioni kundi moja lilijitokeza mbali upande upepo unakoelekea. Wa mbele akainua mkonga, akasimama, akageuka na ukoo wake wote. Baba mdogo alikuwa bado anafungua kamera.

Alfajiri simu ikaita. Mama.

"Mmewaona tembo?"

"Bado, shemeji."

"Basi rudini. Wako hapa watano, wameingilia upande ule ambao kamba imepotea. Wanamalizia mahindi."

Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hapo walipo kuna mwanga wa kutosha.