Ukihamia Handeni, Fungua Bomba Kwanza

Barua ya uhamisho imetoka, imeandikwa Handeni, na ndugu wameshaanza kukupa pole. Zikatae. Handeni na Korogwe ni miji ya watu wanaozaa, wanaojenga na kuzeeka hapohapo. Tatizo ni kwamba Watanzania wengi wanaijua kwa kupitia dirisha la basi. Msafiri wa Arusha anaikumbuka Korogwe kwa choo cha stendi na chipsi za kula mbiombio. Wa Tanga anakata kona Segera. Handeni haionekani kabisa, kwa sababu iko ndani, kilomita 65 za lami kutoka Korogwe na 54 kutoka Mkata. Mwongozo huu ni wa anayekuja kuishi. Wa begi la Jumatatu hadi Ijumaa, tutafika kwake.

Dalali wa Chanika, katikati ya Handeni, atakuonyesha vigae, dari ya jipsam na geti jipya. Visifie vyote, kisha mwombe afungue bomba. Likitoa hewa, usimuulize mwenye nyumba. Muulize mpangaji wa jirani. Maji yanatoka siku gani? Usiku wa manane au mchana? Yakikatika, dumu la lita 20 linauzwaje? Piga hesabu ya madumu ya mwezi mzima, jumlisha na kodi, na hiyo ndiyo kodi utakayolipa kweli. Nyumba ya bei ya chini isiyo na maji ni ghali.

Sababu ipo. Mto Pangani unapita Korogwe, lakini Handeni iko juu zaidi na mbali nao, na maji yake yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kupitia mradi wa bomba kuu la Handeni, HTM, ambao mji umekulia mikononi mwake. Sasa upo mradi wa miji 28, wa mkopo wa Benki ya Exim ya India, unaozigusa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Ushangilie, halafu nunua tangi. Funga na mifereji ya bati kabla hujanunua kochi. Bati lenye eneo la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatiririsha karibu lita 1,000. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, ya pili ikinge. Nasisitiza hili kwa sababu kila dumu unalokinga nyumbani ni safari moja aliyopunguziwa mama au binti, na mabinti wa Handeni wamebeba madumu ya kutosha.

Korogwe maji si kilio kikubwa hivyo, kuna joto. Na kuna mbu, kwa hiyo chandarua kitangulie pazia. Wenyeji wanaijua malaria kuliko vitabu: kituo cha utafiti cha NIMR mjini hapo kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Watoto wa Korogwe walitoa mikono yao ili wengine wapone, na sijaona basi hata moja likitangaza hilo linapoingia stendi.

Usiogope kuwa mgeni. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka kila pembe ya nchi, na wajukuu wao ndio majirani zako wa Manundu na Ngombezi. Handeni nako watu wamefika kwa njia nyingi, na si wote kwa kupenda. Wazigua ambao mababu zao walipelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19 walirudi wakikimbia vita vya miaka ya 1990, wakapewa makazi Chogo mwaka 2003, wengine wakiwa bado wanakisema Kizigua. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimeletwa Msomera, katika uhamisho uliozua mabishano makubwa. Kwa hiyo salimia kwanza, shikamoo kwa kila mkubwa, na swali la kabila lisubiri mzoeane.

Sasa wewe wa begi. Mshahara unaoingia Handeni na kupanda basi la Ijumaa unamnyima muuza mhogo, fundi cherehani na shule ya mtaani ambako mwanao angesoma. Mlete mtoto asome hapa, na mwalimu mkuu atakusikiliza vizuri zaidi ukidai madawati. Nunua sokoni, machungwa yakiwa msimu usiyapite. Ukikaribishwa bada, ugali wa mhogo, ule kwa mkono. Msiba wa mtaa ukitangazwa, toa rambirambi hata kama marehemu hukumjua. Ukifiwa wewe, utaona nani anafika kufunga turubai.

Ukikolea utataka kiwanja. Usimlipe dalali juu ya bodaboda. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, waite majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka wakiwa wote pamoja, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri ya mji ikuthibitishie namba na matumizi ya eneo. Mkiwa bado hapo kiwanjani, muulize jirani wa karibu maji yanatoka siku gani.