Ogopa Glasi Ndogo

Mtalii anayekwenda Fort Collins, mji wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, akitaka kuzungukia viwanda vidogo vya bia, asiogope bilauri kubwa. Aogope glasi ya kuonja. Bilauri haina siri: ukimaliza mbili, mezani pana ushahidi na mkeo anauona. Lakini glasi sita ndogo zilizopangwa kwenye ubao zinafanana na vifaa vya maabara, na mnywaji hujiona mtafiti. Tupige hesabu. Glasi moja huingia kama mililita 120. Sita ni 720. Bia zenyewe si nyepesi zote, nyingine hufika asilimia 10. Tuseme wastani ni 7: mtafiti wetu ameshusha mililita 50 za alkoholi, sawasawa na chupa mbili za nusu lita zenye asilimia 5, na hapo yuko kiwanda cha kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, tena kibaba hiki kinajazwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu inayokausha koo na kumpa mtu kisingizio cha kuagiza ubao wa pili.

Watetezi watasema kuonja ni elimu, na kweli chuo hicho kinatoa shahada ya sayansi ya uchachushaji. Sawa, ila mwanafunzi huandika anachoonja. Mtalii hupiga picha. Akishazirudisha glasi ubaoni bila mpangilio, huisifia bia chungu kwa utamu wa jirani yake, na kufikia kiwanda cha tatu msamiati wote umebaki “hii nayo nzuri”. Wengine watasema dawa ni baiskeli, kwa kuwa mji una njia nzuri, na hata New Belgium, kiwanda kilichoanzishwa huko mwaka 1991, kimeweka baiskeli kwenye nembo yake. Baiskeli ya nembo haiangushi mtu. Isitoshe, sheria ya Colorado huihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, na anayeiendesha akiwa amelewa anaweza kushtakiwa kama dereva wa gari. (Mji huu ulipiga marufuku uuzaji wa pombe hadi 1969, labda wazee wale walishaona mengi.)

Kwa hiyo, msomaji, ukifika huko kula kwanza, agiza bilauri moja, kisha rudi hotelini kwa miguu.